Sauti zilizotutafsiria filamu katika mabanda ya video: tuzitafute kabla kanda hazijaoza

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu wanajukwaa,

Wiki iliyopita mpwa wangu alinionyesha kwenye simu yake video ya dakika kumi na mbili, ambamo msimulizi asiyeonekana anaieleza filamu nzima ya Kikorea kwa Kiswahili huku picha zikipita haraka haraka nyuma ya sauti yake. Kijana aliamini kwamba ananionyesha jambo jipya. Nilimwambia kuwa sauti ya namna hiyo niliisikia mara ya kwanza nikiwa darasa la tano, nimebanwa kwenye benchi la mbao katika banda la video la Mwananyamala, nimelipa kiingilio cha shilingi mia, na nje jenereta linanguruma kwa sababu umeme umekatika. Hakuniamini mpaka nilipoanza kumwigia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza sauti zile ziko wapi sasa, na kila ninapozitafuta naona kwamba tunazipoteza.

Kwa ambao hawakuyakuta mabanda hayo, naomba nieleze kidogo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini upande wa Bara vituo vya televisheni vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na hata baada ya hapo nyumba nyingi hazikumudu kununua seti. Mwenye deki moja, yaani mashine ya kuchezea kanda za video, na televisheni ya inchi ishirini na moja alikuwa na jumba la sinema. Aliezeka mabati, akaziba madirisha kwa maboksi ili giza liingie, akapanga mabenchi, kisha akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje filamu za siku hiyo: mbili za Kichina mchana, ya Kihindi jioni, ya vita ya Kimarekani usiku. Banda lenyewe tuliliita kibanda umiza, na aliyewahi kutoka humo saa nane mchana na shati lililoloa jasho hahitaji kuelezwa jina hilo lilitoka wapi.

Filamu zilikuja kwa Kikantoni, Kihindi na Kiingereza, na wengi wetu tulikuwa tunafuata ngumi na machozi tu. Ndipo alipoingia mtafsiri. Alikaa mbele ya kipaza sauti, mkono mmoja kwenye mitambo, akiteremsha sauti ya filamu anapotaka kusema na kuipandisha panapokuwa na wimbo au mapigano. Peke yake alikuwa steringi, alikuwa adui, alikuwa mama mzazi anayelia mlangoni na mtoto anayeuliza baba yuko wapi. Katikati ya hayo aliwageukia watazamaji na kuwaeleza yasiyosemwa na mtu yeyote kwenye filamu: huyu unayemwona amevaa koti jeusi ndiye aliyemuua mzee mwanzoni, msimsahau. Nakumbuka filamu moja ya Kichina ambayo mwalimu mwenye ndevu nyeupe alimwambia mwanafunzi wake maneno machache sana. Mdomo wa mwalimu ulifungwa, lakini mtafsiri aliendelea kusema, akamkumbusha yule kijana jinsi alivyookotwa akiwa yatima, akamwonya juu ya kiburi, na akamalizia kwa kusema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu akaitikia kwa sauti, "Kabisa!" Nimeisahau filamu hiyo jina na waigizaji wake wote, lakini sauti ile ningeitambua hata leo.

Jina linalotajwa kwanza kila mazungumzo haya yanapoanza ni Lufufu, ambaye jina lake kamili ni Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam. Kazi zake zilisambazwa kwenye kanda za VHS zilizonakiliwa na kunakiliwa tena, na mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Matthias Krings, alizichambua kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 2015. Jambo hilo linanifurahisha na kunihuzunisha kwa pamoja. Linanifurahisha kwa kuwa kuna mtu aliyeketi akamsikiliza Lufufu kwa makini yale yale ambayo wengine huyatoa kwa washairi wakubwa, na linanihuzunisha kwa sababu sijamwona bado msomi wetu anayefundisha fasihi simulizi akiileta sauti hiyo darasani, ilhali tunafundisha kwamba msimulizi wa ngano huiga sauti za wahusika, huwashirikisha hadhira, na huibadili hadithi kulingana na mahali anapoisimulia. Mtafsiri wa bandani alifanya yote matatu.

Sasa kanda zinaoza. Utepe wa sumaku haukutengenezwa kukaa miaka thelathini ndani ya boksi lililowekwa juu ya kabati mjini pwani, ambako unyevu huleta ukungu mweupe kwenye kingo za utepe. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha kazi hiyo mwaka 2016, kwa hiyo hata mwenye kanda nzima huenda asipate pa kuichezea. Zilizopandishwa mtandaoni hufutwa kwa sababu ya hakimiliki ya filamu, na filamu inapofutwa sauti ya mtafsiri hufutwa pamoja nayo. Naomba mwenye kumbukumbu, na hasa mwenye kanda, ajitokeze hapa.

Msikilizaji wa Nakuru

Ndugu yangu, asante kwa kuanzisha mazungumzo haya. Huku Kenya sauti hiyo ina jina moja ambalo hata mtoto wa chekechea analijua, nalo ni DJ Afro. Mimi nilimsikia kwanza kwenye kinyozi, kisha kwenye vibanda vya kuonyesha filamu mtaani, kisha kwenye matatu za safari ndefu. Kiswahili chake si cha vitabuni. Kimechanganyika na lugha ya mtaa, na anapoeleza mapigano anakwenda kwa kasi ya mtangazaji wa kandanda. Nimewahi kumwona mteja dukani akiikataa filamu nzuri, yenye picha safi, akisema hiyo anayo tayari nyumbani. Alichokuwa akitafuta ni filamu ile ile yenye sauti ya DJ Afro. Nadhani mteja huyo alikuwa akijua vizuri sana alichokuwa akinunua.

Ningependa pia tuwakumbuke majirani zetu wa Uganda, ambako mtu wa kazi hii huitwa VJ, na ambako kazi yenyewe imestawi kwa Kiganda kuliko pengine popote katika ukanda wetu.

Mwanzilishi wa uzi

Umenikumbusha jambo kubwa, mkuu. Kule Wakaliga, kitongoji cha Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 filamu ya mapigano iitwayo *Who Killed Captain Alex?*, ambayo ilikuja kupendwa duniani kote kupitia YouTube. Nakala inayotazamwa ina sauti ya VJ Emmie juu yake mwanzo hadi mwisho, akiwashangilia wapiganaji na kuwachokoza watazamaji. Nakala ya awali isiyo na sauti hiyo haipo tena, kwa kuwa mwenye filamu alikuwa na kompyuta yenye nafasi ndogo na alilazimika kuifuta ili atengeneze kazi nyingine. Mtu anayeitazama leo hana namna ya kuitenga filamu na msimulizi wake. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, kwa sababu mabandani tulizoea kuambiwa kwamba filamu ndiyo kitu chenyewe na mtafsiri ni nyongeza, na hapa nyongeza ndiyo iliyoibeba filamu mpaka ikatufikia.

Mwalimu wa Fasihi

Nimesoma uzi huu kwa heshima, lakini naomba niruhusiwe kutofautiana na mwanzilishi. Mimi pia nilikaa kwenye mabenchi hayo. Watafsiri wengi hawakujua Kikantoni wala Kihindi; walikuwa wakibuni. Mwalimu mwenye ndevu nyeupe hakusema neno lolote kuhusu uyatima, na inawezekana kabisa kwamba alikuwa akimwambia kijana alete chai. Tuliopenda kujua watu wa nchi nyingine wanafikiri nini tulipewa mawazo ya mtu wa mtaa wetu, na tukarudi nyumbani tukiamini kwamba tumeiona China. Zaidi ya hilo, wanawake kwenye filamu hizo walitukanwa na watafsiri kwa maneno ambayo waandishi wa filamu hawakuyaandika, na sisi wavulana tulicheka. Na hatuwezi kukwepa suala la sheria: filamu ilikuwa mali ya mtu, na hakuna aliyeombwa ruhusa.

Mwanzilishi wa uzi

Mwalimu, hoja zako ni nzito na nitazijibu kwa kadiri ya uwezo wangu.

Kuhusu sheria, umesema kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aitafsiri na nani aisambaze, na mabanda yetu hayakuuliza. Sitetei biashara ile. Kuhusu wanawake pia umesema kweli, na ningetamani mtu atakayezihifadhi sauti hizi azihifadhi na matusi yake yote, asiyafute, ili watakaokuja wajue tulicheka nini.

Lakini kuhusu ubunifu siwezi kukubaliana nawe. Unampima mtafsiri wa bandani kwa kipimo cha mkalimani wa mahakamani, ambaye kazi yake ni kutoongeza neno. Tulipokuwa tukimlipia kiingilio hatukumwajiri kwa kazi hiyo. Walikuwepo kabla yake watu waliotuletea filamu zenye maelezo tuliyoandaliwa: kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, wakatengeneza filamu 35 fupi, zikaonyeshwa kwa lori vijijini Afrika Mashariki na Kati, na maelezo kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwa mojawapo, yakipigwa kutoka kwenye santuri. Sauti ile ilikuja kumfundisha mkulima namna ya kulima na kuweka akiba. Mkulima hakuwa na nafasi ya kuijibu. Sauti ya bandani iliishi kwa shilingi mia ya mtazamaji, na mtafsiri aliyechosha alijua siku hiyo hiyo, kwa sababu watu waliinuka wakatoka. Kwa hiyo aliposema habari za uyatima na kiburi alikuwa akisema na mzee yule aliyekaa nyuma yangu, na mzee alimjibu.

Wala hatuko peke yetu. Japani, katika enzi ya filamu zisizo na sauti, kila ukumbi ulikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi, ambaye alisimama kando ya pazia akiwasemea wahusika wote, na watu walichagua ukumbi wa kwenda kwa kufuata jina lake kuliko la mwigizaji. Filamu zenye sauti ziliwanyang'anya riziki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mmoja wao alikuwa Heigo, kaka yake Akira Kurosawa aliyekuja kuwa mwongozaji mashuhuri, na alijiua mwaka 1933. Hata hivyo Wajapani hawakuiacha sanaa hiyo ife. Mpaka kizazi chetu wapo wanaoifanya jukwaani, na Midori Sawato ameisimamia kwa miongo kadhaa. Huko Umoja wa Kisovieti miaka ya 1980, filamu za Kimarekani zilipita kwa magendo kwenye kanda, zikiwa na sauti moja ya mtafsiri juu yake, na watu kama Andrey Gavrilov na Leonid Volodarsky walijulikana kwa sauti tu kabla sura zao hazijajulikana. Wapenzi wao walifanya jambo ambalo nataka tuliige: waliitoa sauti kwenye kanda, wakaihifadhi kama faili ya sauti peke yake, na mwenye nakala halali ya filamu akaioanisha mwenyewe.

Bibi wa Studio

Nawasalimu nyote. Mimi nimewahi kushiriki kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia ya kigeni, kwa hiyo naomba nizungumzie upande wa pili, kwa kuwa naona tunasahau kwamba baada ya mabanda kuna kazi nyingine iliyozaliwa. Tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilipooneshwa na TBC mwaka 2011, watu waliishangaa kwa sababu kila mhusika alikuwa na sauti yake, na baadaye Azam ilipoleta za Kituruki watazamaji walizizoea kiasi kwamba leo familia nyingi hupanga muda wa chakula cha usiku kwa kufuata ratiba ya tamthilia.

Kazi hii ni ngumu kwa namna ambayo mtafsiri wa bandani hakuijua. Mchina anakataa kwa silabi moja, na mimi nina "hapana" yenye silabi tatu. Maneno yetu ya asili huishia na irabu, kwa hiyo mdomo wangu huishia wazi wakati mdomo wa mwigizaji umeshafungwa, na mtazamaji huona kasoro hata kama hawezi kuieleza. Tulikuwa tukiukata mstari, tunautafutia neno fupi, tunaurudia mara kumi. "Siwezi kukubali jambo hilo" hugeuka "Sitaki", na hapo maana nayo imepungua uzito. Uhuru wa Lufufu wa kuendelea kusema baada ya mdomo kufungwa ni uhuru ambao sisi hatuna.

Pamoja na hayo, nilipokwama kwenye onyesho la kilio, nilichokikumbuka ni mtafsiri mmoja wa bandani aliyekuwa akilia kwa sauti ya mama huku akivuta pumzi kwa kwikwi kati ya neno na neno. Nilimwiga, na msimamizi akasema tuendelee. Mwalimu, mimi ni mwanamke na matusi yale niliyasikia pia, nami sijayasamehe. Lakini pumzi ile nimejifunza kwake.

Mwalimu wa Fasihi

Dada, nimekuelewa. Bado nasimamia hoja yangu kuhusu China, lakini nakiri kwamba sijawahi kuwaomba wanafunzi wangu wasikilize hata dakika moja ya sauti hizi kabla ya kuwaambia maoni yangu. Muhula ujao, tutakapofika kwenye utendaji wa ngano, nitajaribu. Shida ni kwamba sina rekodi. Niliyoipata mtandaoni mwezi jana haipo tena leo.

Mzee wa Deki, Tanga

Vijana wangu, mimi nilikuwa na banda Ngamiani tangu mwaka 1993 mpaka wateja walipohamia kwenye simu. Nina maboksi manne ya kanda. Nilikuwa nimepanga kuyachoma mwezi huu ili nipate nafasi ya mahindi. Nyingine zimeota ukungu. Deki ninayo, ila haijawashwa muda mrefu. Niambieni, zina faida gani, na nizifanye nini?

Mwanzilishi wa uzi

Shikamoo mzee. Tafadhali sana, usichome hata moja.

Zile zenye ukungu usiziingize kwenye deki kabisa, kwa sababu ukungu utaenea kwenye vichwa vya kusomea na kuziharibu hata kanda nzima utakazoziweka baadaye. Zitenge kwenye boksi lake. Zilizobaki zisimamishe kama vitabu vinavyosimama rafuni, mahali pakavu pasipofikiwa na jua wala spika kubwa, kwa kuwa sumaku ya spika hufuta utepe. Kila kanda ina kijino kidogo cha plastiki mgongoni. Kama bado kipo kivunje, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Deki nayo usiijaribu kwa kanda unayoithamini. Ifunguliwe kwanza na fundi, isafishwe vichwa kwa spiriti, mikanda ya mpira iangaliwe kama haijalegea, kisha ijaribiwe kwa kanda ambayo hata ikiliwa hutaumia.

Mimi nina kifaa cha kuunganisha deki na kompyuta. Kanda ya saa mbili huchukua saa mbili, hakuna njia ya mkato, na nitaikalia hiyo kazi. Tutahifadhi sauti peke yake, pamoja na jina la mtafsiri, jina la filamu na mwaka kila yanapofahamika, na Mwalimu atapata ya kuwasikilizisha wanafunzi. Nauli ya kuja Tanga ninayo. Nakuomba tu uniandikie kilichoandikwa kwenye lebo za kanda hizo, ili nije na orodha iliyo tayari.

Mzee wa Deki, Tanga

Marahaba mwanangu. Njoo Jumamosi, Jumapili nina msiba Pongwe.

Nimetoa boksi la kwanza uani na kuhesabu. Zimo kanda hamsini na mbili, na tisa kati ya hizo zina ukungu, nimezitenga kama ulivyosema. Kuhusu lebo, sitaweza kukupa orodha unayoitaka. Wakati ule wateja hawakuniuliza filamu gani, waliniuliza ni ya nani. Juu ya karibu zote nimeandika jina la mtafsiri kwa kalamu ya wino mzito, na jina la filamu sikuliandika.